Sukari, Bi Mdogo na Njia ya Mtondoni

Jumatatu, 16 Juni 1975

Chai ya rangi bila sukari. Vidonge. Basi. Hiyo ndiyo asubuhi yangu tena leo. Mchana utakuwa hivyo hivyo, na jioni nitamtazama bi mdogo akipakua ugali, mimi nikiwa kama mtu anayechungulia arusi ya watu dirishani.

Nimekasirika. Nianze na hilo.

Daktari wa Lindi alichemsha mkojo wangu na dawa yake ya buluu, ukageuka rangi ya tofali. Akasema sukari. Niache ugali, wali, muhogo, viazi, nazi. Nile mayai, maziwa, nyama isiyo mafuta, mkate wa ngano isiyokobolewa. Nikamuuliza vitu hivyo vinapatikana wapi huku kwetu Rutamba. Akamwita mgonjwa mwingine.

Mwaka huu nchi nzima inatafuta unga. Tunapanga foleni tangu alfajiri kwa mahindi ya njano yaliyotoka ng'ambo. Na mimi naambiwa nisile. Sawa. Sitakula kabisa, tuone. Mama yangu alikatwa mguu kwa ugonjwa huu huu, akafa kabla kidonda hakijakauka. Mimi sikatwi kitu. Afadhali njaa.

Jumatano, 18 Juni

Njaa ina harufu. Leo ilikuwa harufu ya samaki wa nazi aliyepikwa na Esha, bi mdogo.

Tulipokuwa Mtondoni nilikuwa na nyumba yangu na jiko langu. Esha alikuwa na lake ng'ambo ya bonde, na mume wetu, Baba Hadija, akienda huku na kurudi kule. Miaka yote hiyo sikuwahi kula chakula cha mke mwenzangu. Operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilipokuja, nyumba zikabomolewa, tukaletwa hapa barabarani, kila mume kiwanja kimoja. Nyumba moja, jiko moja. Hakuna aliyeuliza mume ana wake wangapi.

Esha analingana kwa umri na binti yangu Hadija aliyeolewa Lindi mjini. Na anajua kupika. Hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa hajui, ningempenda kidogo.

Jioni darasani, kwenye kisomo cha watu wazima ninachofundisha, nimemfokea mzee wa watu kwa sababu ya herufi moja. Akafunga daftari lake taratibu, akaondoka. Mtu wa umri wa baba yangu. Aibu.

Ijumaa, 20 Juni

Wote walikwenda shamba la kijiji kuvuna ufuta. Mimi nilibaki kwa ruhusa ya ugonjwa. Nikaingia jikoni. Nimekula ugali wa jana, baridi, nimesimama wima, pamoja na ukoko wake. Kisha nikala mihogo ya watu ya jioni. Sikuonja hata ladha. Nikaosha sufuria haraka kama mwizi.

Esha alirudi, akaitazama sufuria, akanitazama mimi. Akaanza kumenya mihogo mingine. Heri angenitukana.

Kesho sigusi kitu.

Alhamisi, 26 Juni

Leo ndiyo naweza kushika kalamu.

Jumanne nilikwenda shambani kwa kiburi. Nilisikia wanasema mwalimu wa kisomo anajifanya mgonjwa ili asivune. Nikameza vidonge, sikula kitu, nikaenda. Jua lilipopanda mikono ikaanza kutetemeka. Jasho baridi. Kila mganda wa ufuta nikauona miwili. Nikamtukana mtu, sijui nani. Kisha sikumbuki.

Naambiwa Esha alinibeba mgongoni mpaka zahanati. Mimi, na mwili wangu huu.

Bwana mganga alinikorogea sukari kwenye maji, akaninywesha. Sukari! Ile ile. Nilipopata fahamu nikamuuliza kama anataka kuniua.

"Vidonge hivi vinashusha sukari, mama. Wewe huli. Unataka vishushe nini? Vinakushusha wewe."

"Daktari amenikataza chakula."

"Amekukataza mlima wa ugali. Hakukukataza kuishi."

Alikuwa na hasira kuliko mimi. Akasema nile kidogo, kwa saa zake, kila siku, mboga iwe nyingi kuliko ugali. Na nisikae tu, mwili ufanye kazi. "Usinionyeshe ushujaa wa wiki moja," akasema. "Nataka jambo utakaloliweza hata mvua za mwakani."

Nimeyachukia maneno hayo. Nilitaka dawa ya kumaliza. Kumbe hakuna kumaliza. Kila siku mpaka kufa. Nani anaweza kukasirika kila siku mpaka kufa?

Pengine mimi.

Jumapili, 29 Juni

Ugomvi.

Esha ameniwekea sahani. Kipande cha ugali kama ngumi. Kisamvu kimejaa. Choroko pembeni. Baba Hadija amepakuliwa kama kawaida yake. Nikaisukuma sahani.

"Umeanza kunipimia chakula, Esha? Nimekuwa kuku wako?"

"Nimekupimia kwa ngumi yako, dada. Si yangu."

"Nani kakutuma?"

"Nilikuwepo zahanati. Maneno ya bwana mganga niliyasikia. Wewe ulikuwa unamtukana."

Baba Hadija akakohoa, akatoka nje. Ndiyo kazi yake siku hizi, kukohoa na kutoka nje.

Nimekula. Kisamvu kilikuwa cha karanga badala ya tui. Kilikuwa kizuri. Nimekasirika mpaka tonge la mwisho.

Jumatano, 2 Julai

Nimekaa barazani nikafikiri. Mtondoni sikuumwa. Au niliumwa nisijue, lakini nilikuwa na nguvu. Maji kwa miguu, kuni kwa miguu, shamba kwa miguu. Tulikula mtama wetu, mbaazi zetu, majani ya kunde. Ugali haukuwa mlima kwa sababu mboga ilikuwepo.

Hapa kila kitu kiko karibu. Pampu ya maji hii hapa, duka la ushirika lile pale, shule ndiyo ile. Nakaa. Nakula unga wa njano, kisha nakaa tena. Nimekuwa kama gunia linalongoja lori.

Kesho nakwenda Mtondoni.

Alhamisi, 3 Julai

Nimekwenda. Baada ya sala ya alfajiri, uji wa mtama bakuli moja, panga, mtungi wa maji. Mwendo wa saa moja na ushei kwa miguu yangu ya sasa.

Nyumba yangu haina mlango wala fremu. Ukuta umeyeyuka kwa mvua. Mchicha umeota mahali palipokuwa na kitanda changu. Nimesimama pale nikalia, na si kwa huzuni. Nilitaka kumpiga mtu na hapakuwa na mtu.

Mikorosho yangu imezama kwenye majani mpaka kiunoni. Nimefyeka chini ya mmoja. Nimechuma ule mchicha wa chumbani kwangu, nikarudi nao.

Miguu inauma. Mgongo unauma. Mchana nimekula, nikalala kama gogo.

Jumatatu, 14 Julai

Nakwenda kila asubuhi isipokuwa Ijumaa. Sina la ajabu la kuandika, na hilo lenyewe linanishangaza. Naamka, nakunywa uji, natembea, nafyeka, narudi, nakula. Chai bila sukari sasa naiona ni chai tu. Kiu imepungua. Usiku siamki ovyo kwenda uani.

Juzi arusini kwa jirani nilikula pilau mpaka nikaona haya. Nilirudi nyumbani nikijitukana. Zamani ningejinyima siku mbili, kisha ningeishambulia sufuria. Jana niliamka, nikanywa uji wangu, nikaenda Mtondoni. Basi. Pilau ilikuwa ya juzi.

Bwana mganga hakunisifu. Aliitikia kwa kichwa tu. Nilitaka sifa. Nimekasirika kidogo, lakini kidogo.

Alhamisi, 17 Julai

Leo si kidogo.

Mgambo wawili walinikuta njia ya Mtondoni. Wakanipeleka ofisi ya kijiji, mmoja mbele, mmoja nyuma, na panga langu wamelishika wao. Watu barazani wakitazama. Kama mwizi wa kuku.

Mwenyekiti akasema narudi mahame, makazi tuliyohamishwa. Kwamba mtu akianza kufyeka kesho atajenga kibanda, na keshokutwa kijiji kitabaki kitupu. Kwamba mwalimu wa kisomo anaonyesha mfano mbaya. Nikamweleza ugonjwa. Nikamweleza mkojo wa rangi ya tofali, mbele ya wanaume wote wale. Akacheka.

"Kama ni kutembea, mama, barabara si hii hapa? Ndefu mpaka Lindi. Tembea."

Baba Hadija alikuwa ameitwa pia. Alikaa kwenye benchi. Alivua kofia yake akaitazama ndani, kana kwamba kuna kitu kimeandikwa mle. Mume wangu. Aliitazama kofia!

Jumamosi, 19 Julai

Nimetembea barabarani kama nilivyoamriwa.

Mtu wa kwanza: "Unaenda wapi?" Kutembea. "Kuna msiba?" Hapana. Wa pili: "Umempoteza mtu?" Hapana. Wa tatu hakuuliza, alinisindikiza kwa macho. Kumbe mwanamke asiye na ndoo kichwani, wala jembe, wala maiti ya kuzika, hana haki ya kuonekana njiani.

Lori limenimwagia vumbi mpaka kwenye meno.

Mpaka adhuhuri hadithi ilikuwa imeshapikwa ikaiva: bi mdogo kamfukuza bi mkubwa nyumbani. Esha aliisikia kwenye pampu. Aliporudi alitua ndoo kwa nguvu mpaka maji yakamwagika.

Sirudi tena barabarani.

Jumatano, 30 Julai

Sitembei. Nakaa. Nikikaa nakula. Esha ananipakulia ngumi yangu, nami nikimaliza naongeza mwenyewe, nikimtazama usoni ili aseme. Anafunika sufuria.

Kiu imerudi. Kukojoa kumerudi. Vyote vimerudi haraka kuliko vilivyoondoka.

Na kidole. Nilijikwaa kwenye figa wiki iliyopita. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kina kidonda, kinatoa maji, na hakiumi. Kingeuma ningelala. Hakiumi. Mama alianza hivyo hivyo, akatuambia ni mkwaruzo tu.

Bwana mganga amekisafisha kwa uso uliokunjamana. Akauliza kwa nini nimeacha. Nikamwambia amuulize mwenyekiti.

Jioni Baba Hadija akasema, "Unajitakia mwenyewe. Ungetulia tu tangu mwanzo." Nikamtupia upawa. Ukamkosa, ukagonga mlango. Sijutii kutupa. Najutia kukosa.

Jumapili, 10 Agosti

Mkutano wa kijiji. Sitaki kusahau hata neno moja.

Habari ilikuwa korosho. Mkoa unazitaka. Mwenyekiti akasema kila kaya ihakikishe mavuno hayapungui. Watu wakatazama chini. Ndipo Esha akasimama. Esha, ambaye mbele za watu sijapata kumsikia akisema zaidi ya shikamoo. Alijifunga kanga vizuri kifuani kwanza.

"Shikamoo, mwenyekiti. Hizo korosho ziko wapi?"

"Marahaba. Ziko mashambani, ziko wapi tena?"

"Mashamba gani? Hapa barabarani kuna mkorosho?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka.

"Mikorosho iko mahame," Esha akasema. "Majani yamefika kiunoni. Moto ukipita mtaokota mkaa. Bi Mkubwa alikuwa anafyeka, mkamkamata. Sasa ana kidonda cha mguu. Ukikatwa, nani atambeba? Mimi nimeshambeba, mwenyekiti. Si mwepesi."

Sijui nicheke au nimpige. Watu walipasuka. Lakini baada ya kicheko mama mmoja wa nyuma akasema na yake pia imefungwa na majani. Kisha mzee mmoja. Kisha wengi, kwa pamoja, kwa Kiswahili na Kimwera, mpaka mwenyekiti akagonga meza. Akashauriana na katibu wake. Akasema: ruhusa kwenda kufyeka asubuhi. Kurudi kabla ya adhuhuri. Hakuna kulala huko, hakuna kujenga, hakuna kuwasha moto wa kupikia.

Nimekasirika. Hilo angelisema mume wangu. Ningelisema mimi, mimi ndiye mwalimu. Nilikuwa nimeketi pale na maneno yote kichwani na mdomo mkavu. Kasema yeye, ambaye hata jina lake ameanza kuliandika mwaka huu. Na kwa kuniita mzito.

Njiani kurudi sikumwambia asante. Neno lilifika kwenye meno likakaa.

Jumatatu, 18 Agosti

Ruhusa ninayo. Mguu sina. Bwana mganga amesema nisitembee mpaka kidonda kifunge, nikikaa niuinue juu. Mungu ananichezea.

Nakaa kwenye mkeka, mguu juu ya kinu kilicholazwa. Nachambua choroko, napura mbaazi, nasuka ukili. Mikono angalau ifanye kazi. Nakula ngumi yangu, siongezi. Si ushujaa. Nimechoka tu kuogopa.

Esha anakwenda Mtondoni peke yake. Leo nimegundua anafyeka mikorosho yangu kwanza. Yake iko ng'ambo ya bonde, hajaigusa. Nimemuuliza kwa nini. Akasema, "Yangu haina mwenyewe wa kuilalamikia kila jioni."

Ijumaa, 29 Agosti

Kidonda kimefunga. Ngozi mpya, nyekundu, laini. Nimeitazama kwa muda mrefu.

Baba Hadija ametoka sala ya Ijumaa na makatambuga mkononi, ya tairi la lori, mazito, yamekatwa kwa kipimo cha mguu wangu. Sijui alikipata wapi hicho kipimo. Ameyaweka mlangoni. Amekohoa. Ametoka nje.

Bado sijamsamehe ile kofia. Lakini nimeyavaa, yananikaa.

Jumanne, 2 Septemba

Nimekwenda na Esha. Polepole. Yeye mbele, anapiga majani kwa fimbo. Mikorosho imeanza kutoa maua. Tulifyeka kila mtu upande wake, tukarudi kabla ya jua kali. Kesho tunaanza ya kwake. Hatukukubaliana kwa maneno, tulipita tu kutazama.

Tulipitia zahanati. Mkojo umechemshwa. Safari hii kijani, si rangi ya tofali. Wala si buluu ya mkojo usio na sukari. Bwana mganga akasema kijani ni kijani, tuendelee.

Kisha akaniambia nisifunge Ramadhani. Kwa vidonge hivi, haiwezekani, nitaanguka tena. Nimefunga tangu utotoni. Nilifunga mwaka wa njaa. Nilifunga nikinyonyesha na watu wakanikataza. Nikamwambia yeye ni nani hata aingie kati yangu na Mola wangu. Akaniacha niseme mpaka nikamaliza. Akasema, "Muulize sheikh." Nimemuuliza. Sheikh amesema hivyo hivyo: mgonjwa wa namna hii halazimiki, alishe maskini.

Mwezi wa Juni nilikuwa najinyima chakula kwa hiari yangu na hakuna aliyenizuia mpaka nilipoanguka. Sasa mwezi wa kufunga unakuja, naambiwa kula.

Nimelia jikoni. Esha alikuwa anakuna nazi. Aliendelea kukuna.

Ijumaa, 5 Septemba

Vunjajungu. Kila nyumba inapika kama kesho hakuna. Wali, kuku, vitumbua, visheti. Nimekula wali kidogo, paja la kuku, mboga nyingi, kitumbua kimoja. Kilikuwa kitamu. Sikutaka cha pili, au nilitaka lakini si sana.

Asubuhi nilikuwa nimeshatembea.

Jumapili, 7 Septemba

Mwezi umeonekana jana magharibi. Leo kijiji kizima kimefunga. Kimya, hakuna moshi.

Asubuhi nilikunywa uji nimejificha chumbani, nikameza vidonge, tukaenda mikoroshoni. Esha hakutaka nimngoje wala nimhurumie. Alifyeka kama kawaida, midomo mikavu.

Mchana saa yangu ya kula ikafika. Sikuweza. Nilikaa jikoni na mikono mapajani. Kula mchana wa Ramadhani mbele ya mtu aliyefunga, katika nyumba isiyo na ukuta wa uani, watu wakipita. Nikasema nitasubiri magharibi.

Esha akaingia. Akafunua kawa. Ngumi yangu ya ugali, majani ya kunde, kipande cha samaki. Alikuwa amepika alfajiri kabla hajatia nia ya kufunga, kwa kuwa akishafunga haonji. Akaniwekea mbele. Akachukua kigoda, akakiweka mlangoni, akaketi akinipa mgongo, mapana ya kanga yake yakaziba mlango wote. Akaanza kuchagua mchele kwenye ungo.

Jirani alipita. Nilimsikia akiuliza, "Bi Mkubwa yuko wapi?"

"Amepumzika," Esha akasema. "Mpitie jioni."

Jirani akaenda zake. Esha hakugeuka.

"Kula, dada," akasema.

"Asante," nikasema.

Nimekula taratibu, mpaka mwisho. Nimeosha sahani yangu. Kisha nikachukua nusu ya mchele, tukauchagua pamoja.